Vinasaba Vinavyojirudia (3): Mabaki ya Kirusi Mateni Mwetu

Oktoba 2024 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu jeni ya amilesi, kimeng'enya kinachoanza kuvunja wanga mdomoni. Tutaufikia, lakini kwanza tumlipe mwanasayansi Barbara McClintock deni lake. Katika miaka ya 1940, huko Cold Spring Harbor, Marekani, alichunguza mahindi yenye punje za madoa. Akabaini kwamba kuna kipande cha vinasaba kinachohama: kikijichomeka ndani ya jeni ya rangi, punje hupauka, kikichomoka katika baadhi ya seli punje ingali inakua, rangi hurudi kwa madoa. Mwaka 1951 aliwaeleza wanasayansi wenzake, na wengi hawakumwelewa. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1983, akiwa na miaka 81. Katikati ya hapo, mwaka 1972, mwanasayansi Susumu Ohno alilipa umaarufu jina "takataka" kwa vinasaba visivyotengeneza protini, na kama ilivyo kwa majina yote ya dharau, likawapunguzia watu hamu ya kuchunguza.

Mkulima wa Mang'ola, wilayani Karatu, anaweza kulitetea jina hilo kwa zao lake mwenyewe, kitunguu. Kitunguu kina herufi za vinasaba bilioni 16 hivi, binadamu bilioni 3, na sehemu kubwa ya ziada hiyo ni marudio, yaani vipande vya vinasaba vinavyojirudia. Kitunguu kina siri gani kutuzidi mara tano? Hakina, na nakubali kwamba marudio mengi hayajaonyesha kazi yoyote. Ila uvivu wa wengi si hukumu ya wote. Karibu na jeni ya amilesi ya mate kuna mabaki ya kirusi cha kale, cha jamii iliyojinakili sehemu nyingi katika kromosomu zetu. Majaribio ya panya ya mwaka 1992 yalionyesha kuwa mabaki hayo ndiyo yanayoiamsha jeni hiyo kwenye tezi ya mate. Jeni yenyewe nayo hujirudia. Utafiti wa mwaka 2007 uliwahusisha Wahadzabe wachimba mizizi na Wadatoga wafugaji, majirani wa bonde la Eyasi. Katika jamii zinazokula wanga mwingi, asilimia 70 ya watu walikuwa na nakala sita au zaidi; katika zile za wanga kidogo, asilimia 37. Nakala zikizidi, kwa kawaida amilesi nayo huzidi. Wanaowaita Wahadzabe watu walioachwa nyuma wajue kwamba katika utafiti huo waliwekwa kundi la wanga mwingi pamoja na Wajapani.

Na ule utafiti wa 2024? Unaeleza kwamba nakala za ziada za kwanza za jeni hiyo huenda zilitokea zaidi ya miaka 800,000 iliyopita, kabla ya kilimo chochote.