Akiba ya Mwananchi na Bomba la Mafuta

Mkulima wa Kisiba, wilayani Rungwe, akiuza ndizi zake na kuweka fedha benki mjini Tukuyu, fedha hizo hazilali kabatini. Benki huwakopesha wengine kwa riba: mwenye duka, mwenye kiwanda, hata mchimbaji wa mafuta. Je, mweka akiba ana sauti juu ya mikopo hiyo?

Swali hili limezuka kuhusu bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilometa 1,443. Mafuta hayo yana nta nyingi, hivyo hupashwa joto la nyuzi 50 hivi za Selsiasi ili yatiririke. Nayo yachomwapo hutoa hewa ya ukaa, ambayo huongeza joto la dunia.

Machi 2021 vyama zaidi ya 260 viliziandikia benki 25 vikizisihi zisiukopeshe mradi huo. Huko Ulaya wateja huandika barua au huhamisha akiba zao, na wenye hisa huhoji katika mkutano mkuu. Mwaka 2023 benki ya Standard Chartered ilitangaza kwamba haitashiriki.

Hata hivyo, mlango mmoja ukifungwa, mwingine hufunguliwa. Machi 2025 kundi la benki nyingine, Afreximbank ikiwamo, lilitoa sehemu ya kwanza ya mkopo. Serikali za Uganda na Tanzania nazo zinatarajia mapato na ajira.

Wanafunzi, jadilini: mweka akiba apime vipi faida ya leo na hali ya hewa ya kesho?