Daraja la Sauti na Uzito wa Ugonjwa katika Usikilizaji wa Mvumo wa Moyo

Mvumo wa moyo ni sauti ya damu inayopita kwa msukosuko, ama kwa kuwa valvu imebana au inavuja, ama kwa kuwa pana tundu lisilostahili kuwapo. Upo pia mvumo usio na kasoro nyuma yake, hasa kwa watoto na wajawazito. Kwa hiyo, kabla ya kupima ukubwa wa sauti, msikilizaji hutafuta wakati wake: huweka stetoskopu kifuani na vidole juu ya mshipa wa shingo. Mvumo unaoandamana na pigo ni wa sistoli, moyo unaposinyaa. Unaosikika baina ya mapigo ni wa diastoli, moyo unapolegea, na huo karibu daima huashiria ugonjwa.

Madaraja sita yanayotumika leo yana asili katika kazi ya Samuel Levine na Freeman ya mwaka 1933 kuhusu mvumo wa sistoli. Daraja la 1 husikika baada ya kutega sikio kwa muda. La 2 ni hafifu lakini husikika mara moja. La 3 lina sauti kubwa bila mtetemo. Kuanzia la 4, kiganja kifuani huhisi mtetemo. La 5 husikika ukingo tu wa stetoskopu ukigusa ngozi, na la 6 hata ikiinuliwa kidogo.

Tatizo limo katika neno lenyewe. Mwanafunzi wa Tanzania amezoea daraja la mtihani lipime ubora. Akiwa daktari, ni rahisi adhani daraja la mvumo hupima hatari. Halipimi. Tundu dogo baina ya ventrikali mbili huweza kutoa mvumo wa daraja la 4 kwa mtoto anayecheza bila shida. Kinyume chake, valvu ya mitra iliyobanwa kufuatia homa ya baridi yabisi, maradhi ambayo Afrika Mashariki inayajua vyema, hutoa mngurumo mzito wa chini, ambao pengine husikika tu mgonjwa akilalia ubavu wa kushoto na kengele ya stetoskopu ikiwekwa taratibu kwenye ncha ya moyo. Tena, valvu ya aota ikibana sana hadi moyo ukachoka, mvumo hufifia huku ugonjwa ukizidi.

Kwa hiyo mtafiti anapendekeza istilahi "daraja la sauti", isiyoandikwa pekee katika faili la mgonjwa, bali hivi: mvumo wa sistoli, daraja la sauti 3/6, kwenye ncha ya moyo, ukisambaa kuelekea kwapani.