Ubuntu 20.04: usiruke ngazi

Kompyuta yenye Ubuntu 20.04 bado inawaka kama kawaida, na hapo ndipo hatari ilipojificha. Masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma Mei 2025, miaka 5 baada ya toleo hilo kutoka.

Je, unaweza kuruka hadi 24.04? Hapana. Unapanda kwanza hadi 22.04, unawasha upya, ndipo unaendelea. Kila hatua hupakua mafaili mengi, na umeme ukikatika katikati, kompyuta inaweza kugoma kuwaka. Kwa hiyo nakili kwanza picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje.

Sisi tungesakinisha 24.04 upya kwa flashi ya GB 8. Ni haraka zaidi, ila ukichagua kufuta diski, hakibaki kitu.