Seva Nzima, Jina Limefutwa

Fundi amechomeka flashi na kuwasha seva. Feni zimenguruma kama ndege inayotaka kuruka, kisha zikatulia. Skrini inaleta ukurasa wa kusakinisha Red Hat Enterprise Linux 8. Anachagua lugha. Anachagua saa za eneo. Anafika pale anapotakiwa kuchagua diski ya kuwekea mfumo, na ni patupu. Diski sita zimo ndani, taa zake za kijani zinawaka, na jana tu mashine hiyohiyo ilikuwa ikiendesha CentOS 7 bila hata kukohoa. Kwa mfumo mpya, diski hizo hazijawahi kuwepo.

Mafundi wengi wamekutana na ukurasa huo tangu Mei 2019, toleo la 8 lilipotoka, na mashine iliyowaponza wengi ni Dell PowerEdge R710. Seva hiyo iliingia sokoni mwaka 2009. Ina nafasi mbili za prosesa za Xeon na nafasi 18 za RAM, na chuma chake ni kigumu kiasi kwamba miaka kumi baadaye ilikuwa bado inazunguka katika soko la mitumba, ikinunuliwa na wanafunzi wa mitandao, shule, na ofisi ndogo zilizotaka seva ya kweli kwa bei ya kompyuta ya mezani. Haikuwa imeharibika, wala haikuwa imepungukiwa RAM. Kwa hiyo fundi hukagua kebo, hubadilisha diski, huandika upya flashi, na hupoteza jioni nzima akitafuta ubovu usiokuwepo.

Tatizo liko kwenye namba. Kila kadi inayochomekwa ndani ya kompyuta hubeba namba mbili za utambulisho, moja ya aliyeitengeneza na nyingine ya aina yake. Kadi ya PERC H200, ambayo ni mojawapo ya kadi zinazosimamia diski za R710, imejengwa juu ya chipu iitwayo SAS2008, na namba zake ni 1000:0072. Mfumo unapowaka, kerneli, yaani kiini cha Linux, huiuliza kila kadi namba zake, kisha huangalia kama kuna draiva, yaani programu ya kuongea na kadi, yenye namba hizo kwenye orodha yake. Ikiwepo, draiva huichukua kadi na diski zikaonekana. Isipokuwepo, kadi inaachwa ilivyo, ina umeme lakini haina wa kuongea naye.

Katika toleo la 8, Red Hat ilifuta namba nyingi kwenye orodha za namna hiyo. Draiva ya mpt3sas ilibaki, ila SAS2008 ikatolewa ndani yake. Draiva ya megaraid_sas nayo ilibaki, ila chipu ya kadi ya PERC 6/i, ndugu mkubwa wa H200, ikatolewa. Uwezo wa kuziendesha kadi hizo haukupotea katika Linux yenyewe. Kerneli inayotolewa na wanaoiunda iliendelea kuzitambua. Ni kama mlangoni mwa ukumbi wa harusi. Mgeni alishatoa mchango, amevaa sare ya kamati, sahani yake imepangwa mezani, lakini kwenye karatasi ya mlinzi jina lake limepigwa mstari.

Ni rahisi kuilaumu Red Hat, na wengi walifanya hivyo. Haki nayo isemwe. Kampuni hii huuza ahadi: toleo la 8 lina msaada hadi Mei 2029, na msaada maana yake benki ikipiga simu usiku wa manane, kuna mhandisi wa kujibu. Kuahidi kadi ya zamani kiasi hicho hadi 2029 ni kuweka kadi hiyo katika maabara, pamoja na seva inayoibeba, na kuijaribu kwa kila sasisho kwa miaka ambayo hata mtengenezaji ameshaisahau. Kutotaka kubeba mzigo huo ni jambo la kueleweka. Kisichoeleweka sana ni kwa nini kisakinishi hakikupewa sentensi moja ya kumwambia fundi: kadi yako tunaiona, ila hatuihudumii tena.

Dawa ilitoka kwa watu wa kujitolea. Mradi wa ELRepo, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukitengeneza draiva za ziada kwa familia ya Red Hat, ulizichukua draiva zilezile, ukazirudishia namba zilizofutwa, na kuzifunga katika faili dogo la diski ya draiva. Fundi huliandika faili hilo kwenye flashi ya pili. Flashi ikipewa jina la OEMDRV, kisakinishi huitambua chenyewe na kupakia kilichomo. Vinginevyo fundi huongeza neno inst.dd kwenye mstari wa kuwashia na kuonyesha faili lilipo. Anarudi kwenye ukurasa wa diski. Diski sita zimepangana, na ukubwa wake umeandikwa.

Hapo wengi hufunga mafunzo yao na kutangaza ushindi, ilhali kazi ndiyo kwanza imeanza. Draiva ya nje huunganishwa na kerneli kwa makubaliano maalumu ya ndani, na makubaliano hayo huweza kubadilika mfumo unapotoka toleo dogo moja kwenda jingine, tuseme 8.3 kwenda 8.4. Fundi anaamuru masasisho Ijumaa jioni, seva inajizima na kujiwasha, na kerneli mpya inagonga ukuta uleule wa siku ya kwanza, safari hii ikiwa na data ya ofisi nyuma ya ukuta. Kinachomwokoa ni kwamba mifumo hii, isipobadilishwa, huhifadhi kerneli tatu za karibuni. Akiwa mbele ya skrini anachagua ile ya jana kwenye menyu ya kuwashia, seva inaamka, na anasubiri ELRepo watoe draiva inayolingana. Anayejua hilo hulala. Asiyejua hulisha seva flashi hadi alfajiri.

Desemba 2020 mambo yalichukua sura nyingine. Red Hat ilitangaza kuwa CentOS 8, pacha wa bure wa mfumo wake, ungefikia mwisho tarehe 31 Desemba 2021 badala ya 2029 kama watumiaji walivyotarajia. Hasira iliyofuata ilizaa mifumo miwili mipya: Rocky Linux, iliyoanzishwa na Gregory Kurtzer aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa CentOS, na AlmaLinux, iliyotoa toleo lake la kwanza Machi 2021. Mwanzoni zote zilikuwa nakala, kwa hiyo zilirithi hata majina yaliyofutwa. Baadaye AlmaLinux ikaanza kujiamulia. Toleo lake la 9.4, Mei 2024, lilirudisha namba za kadi za zamani katika draiva kadhaa, zikiwemo mpt3sas na megaraid_sas. Mwezi uliofuata, tarehe 30 Juni, CentOS 7 nayo ikafikia ukomo wake, na wenye R710 waliokuwa bado wamejibanza humo wakawa na pa kuhamia bila flashi ya pili.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani kwamba maneno “haina msaada” daima ni karatasi ya mlinzi tu, na mwenye ujanja atapita. Sivyo. Upo ukuta mwingine, na huo umejengwa kwa silikoni.

Programu haiingii kwenye prosesa kama alivyoiandika mwandishi wake. Hutafsiriwa kwanza kuwa amri ambazo prosesa inazijua tangu kiwandani. Kadiri miaka inavyokwenda, prosesa mpya hujua amri zaidi, na mfasiri akizitumia, programu hukimbia kwa kasi. Mwaka 2020 Intel, AMD, Red Hat na SUSE zilikubaliana kuzigawa prosesa za aina hii katika ngazi, kuanzia x86-64 ya kawaida, kisha v2, v3 na v4. Red Hat Enterprise Linux 9, ya Mei 2022, ilitafsiriwa yote kwa ngazi ya v2. Toleo la 10, la Mei 2025, likapanda hadi v3, ngazi ambayo kwa upande wa Intel ilianza na prosesa za kizazi cha Haswell mwaka 2013.

R710 inavuka v2, kwa sababu Xeon zake ni za kizazi cha Nehalem na kile kilichofuata, ambazo zina amri zote zinazodaiwa. Mbele ya v3 inakwama, na hakuna flashi itakayoisaidia. Mfumo ukijaribu kuwaka hukuta prosesa haina amri unazozidai, na husimama papo hapo. Hata R720 ya mwaka 2012, mashine ambayo ofisi nyingi bado huiona ya kisasa, iko upande uleule wa mto. Ni R730 ya 2014 inayovuka. Kwa bahati tu, majina yamesaidia kumbukumbu: prosesa za R730 huitwa Xeon E5 v3, na ndizo za kwanza katika familia hiyo kufika ngazi ya v3. AlmaLinux 10 ilifanya jambo ambalo Red Hat haikufanya, ikatafsiri mfumo wote mara ya pili kwa ngazi ya v2 na kuutoa kama toleo la kando. Hilo halikuwa suala la kurudisha jina kwenye orodha, ni kupika chungu kizima upya. Na kampuni nyingine ikiuza programu iliyotafsiriwa kwa v3, wa v2 ataitazama tu.

Wanaotumia Windows wamewahi kuziona kuta hizi mbili bila kuzipa majina. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilidai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na ikaja na orodha ya prosesa zinazokubalika. Muda si mrefu watu walikuwa wakiisakinisha kwenye kompyuta zisizo na sifa hizo, wengine kwa kuandaa flashi kwa programu ya Rufus inayoruka ukaguzi. Likaja toleo la 24H2 mwaka 2024, ambalo haliwaki kabisa kwenye prosesa isiyo na amri ya POPCNT, kazi yake ikiwa ni kuhesabu tarakimu 1 ngapi zimo katika mfuatano wa 0 na 1. Kompyuta za Core 2 Duo hazina amri hiyo. Ujanja wa orodha ukaishia hapo.

ESXi ya VMware, mfumo unaoruhusu seva moja kubeba seva nyingi za kufikirika, iliziweka kuta zote mbili ndani ya toleo moja. ESXi 7.0 ya Aprili 2020 ilikataa prosesa za kizazi cha Westmere, zile za R710 za mwisho mwisho. Lakini kuandika allowLegacyCPU=true kwenye mstari wa kuwashia kulitosha kuilegeza. Toleo hilohilo liliondoa kabisa daraja lililokuwa likiziruhusu draiva za mtindo wa zamani kufanya kazi. Mwenye kadi iliyotegemea daraja hilo alipita mlango wa kwanza akicheka, akafika wa pili akakuta umejengewa tofali.

Debian, kwa upande wake, imekuwa mpole kwa vyuma vya kale, ingawa ilikuwa na kituko chake. Kadi ya mtandao ya Broadcom iliyomo ndani ya R710 huhitaji faili dogo la mtengenezaji ambalo si huria, na kwa sababu za msimamo Debian haikuliweka kwenye kisakinishi chake rasmi. Fundi aliambiwa alete faili, na faili lenyewe liko mtandaoni, na mtandao ndio usiowaka. Wanachama wa Debian walipiga kura mwaka 2022 kuruhusu mafaili hayo, na toleo la 12, Juni 2023, likaja nayo.

Kuna jambo la tatu, na hili kisakinishi hakilionyeshi kamwe. Mapema 2018 dunia ilipojulishwa udhaifu wa Spectre na Meltdown ndani ya prosesa, Intel ilitoa marekebisho kwa vizazi kadhaa, kisha Aprili mwaka huo ikasema baadhi ya vizazi havitarekebishwa. Miongoni mwake ilikuwa Harpertown, iliyomo ndani ya seva nyingi za 2007 na 2008. Mfumo mpya kabisa ukiwekwa juu ya prosesa hiyo unaweka rangi mpya kwenye nyumba ambayo msingi wake hakuna anayeukagua tena. Na R710, iliyobahatika kupata marekebisho, ina yake: konsoli yake ya kuiendesha kwa mbali ilijengwa juu ya Java ya mtindo wa zamani. Mafundi wengine hutunza kompyuta kuukuu yenye kivinjari kikuukuu, isiyounganishwa na intaneti, kwa kazi hiyo moja.

Halafu kuna umeme. Seva inayovuta wati 200 mchana na usiku hula uniti 4.8 kwa siku, uniti 1,752 kwa mwaka, kabla ya kuhesabu kiyoyozi cha chumba. Mwenye kuinunua kwa bei ya kutupa atanunua uniti za Luku au tokeni hadi siku moja ajumlishe risiti na kukuta amelipia mashine mpya ndogo isiyo na kelele. Kwa kazi ya kuhifadhi nakala mara moja kwa wiki, ikiwashwa Jumamosi na kuzimwa jioni, hesabu inageuka na kikongwe kinakuwa nafuu.

Kwa hiyo anayesimama mbele ya muuza mitumba anahitaji flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa, na dakika kumi. Amri ya lspci -nn humtolea namba za kila kadi, naye huzilinganisha na orodha za mfumo anaoutaka. Amri ya lscpu humwonyesha sifa za prosesa. Akiiona avx2 ana dalili nzuri kwamba v3 inafikika, asipoiona asijisumbue na toleo la 10 la Red Hat. Kadi ikiwa ndiyo tatizo pekee, hutolewa na kuchomekwa nyingine. Kama ni PERC 6/i huenda angeitoa vyovyote vile, maana haioni zaidi ya terabaiti 2 kwa kila diski.