Antena Yetu Ilitazama Mbinguni

Tulianza kuwakosa watoto saa moja jioni. Sisi ni akina mama watatu tunaoishi katika ploti moja huko Kitengela, kusini mwa Nairobi. Milango yetu inatazamana na kamba ya nguo ni moja, kwa hiyo mtoto wa mmoja akipotea huwa amepotea kwetu sote. Nao hawakupotea mbali. Tuliwakuta kwa kinyozi kando ya barabara kubwa, wamekaa sakafuni katikati ya vijana wa bodaboda, macho juu, wanatazama televisheni.

Kwa kinyozi palikuwa na katuni za jioni na mpira. Palikuwa pia na filamu za usiku ambazo hakuna mama angependa mtoto wa darasa la tatu azione, na palikuwa na barabara ile ya kuvuka gizani wakati wa kurudi. Tuliwakanya. Tuliwanyima uhuru wa kutoka siku mbili, siku ya tatu wakarudi kule kule. Ndipo mmoja wao, mvulana wa miaka minane, alipotujibu kwa adabu kabisa: "Lakini Mama, televisheni yetu inatazamika?"

Hatukuwa na jibu. Televisheni tulikuwa nazo, na ving'amuzi tulikuwa tumenunua, lakini picha iliganda katikati ya neno. Uso wa msomaji wa habari ulivunjika vipande vya mraba kama vigae, sauti ikakoroma, kisha kioo kikawa cheusi na maandishi kwamba hakuna mawimbi. Wako akina mama watakaosema kwamba nyumba bila televisheni ni baraka. Pengine ni kweli kwao. Kwetu sisi swali halikuwa kama watoto watatazama televisheni. Swali lilikuwa watatazamia wapi na pamoja na nani.

Wengi wetu tunaikumbuka televisheni ya zamani, kabla Kenya haijazima mitambo ya analojia mwaka 2015. Mawimbi yakiwa hafifu, picha ilijaa chenga, au mtu mmoja akaonekana na kivuli chake pembeni, lakini bado ulimwona na kumsikia. Kijana alipanda juu, akazungusha mlingoti, na wewe ukasimama dirishani ukipiga kelele: "Hapo hapo! Umepita! Rudisha!" Mawimbi ya dijitali hayana subira hiyo. Yakitosha, picha huwa safi kama maji ya kisima. Yakipungua kidogo tu chini ya kiasi king'amuzi kinachohitaji, hupati picha mbaya, hupati kitu. Ndiyo sababu mtu hudhani televisheni imeharibika au king'amuzi ni kibovu, kumbe upungufu ni mdogo sana na uko huko juu ya paa.

Sisi hatukujua hayo, tukaanza kutumia fedha. Kwanza dukani tuliuziwa "antena ya dijitali", ghali kuliko ile ya kawaida iliyokuwa imelala kando yake. Baadaye tulijifunza kwamba hakuna antena ya dijitali. Antena ni chuma kinachonasa mawimbi, nacho hakijui kama wimbi limebeba analojia au dijitali. Kisha tulinunua busta, kile kisanduku cha umeme cha kuongeza nguvu. Mwisho tulimwita fundi. Alipanda, akaitazama dishi ya jirani, naye akaiinua pua ya antena yetu ielekee juu kama dishi ile. Tulimlipa, tukampa na chai. Usiku ule hata stesheni mbili tulizokuwa tukipata zilitoweka, na watoto wakarudi kwa kinyozi.

Tulikuwa tumeanza kuhesabu gharama ya kulipia televisheni kila mwezi (ukizidisha mara kumi na mbili unapata sare za shule za watoto wote wa ploti) mzee mmoja jirani aliposimama langoni akicheka. Ni mstaafu aliyetengeneza redio miaka mingi. "Binti zangu," alisema, "hiyo antena yenu inatafuta nini mbinguni?"

Alituketisha na kutueleza. Dishi hutafuta setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Mojawapo ya zinazotumiwa sana huku kwetu iko nyuzi 36 mashariki, yaani karibu utosini mwa Nairobi, na ndiyo maana madishi mengi hapa yamelala chali. Antena ya vijiti haina kazi na setilaiti. Yenyewe hutafuta mlingoti uliosimama ardhini, na kwa sisi wa upande wa Nairobi mlingoti huo uko Limuru, kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000. Kutoka Kitengela ni zaidi ya kilomita 50 kwa mstari ulionyooka, upande wa kaskazini-magharibi. Mzee alituambia tusimame tukitazama jua linapozama, kisha tugeuke nusu ya njia kuelekea kaskazini. Huko ndiko pua ya antena itazame, nayo ilale sawasawa, isiinuke. Msomaji wa Mombasa au Meru ana mlingoti mwingine kabisa, kwa hiyo asituige sisi. Na azitazame antena za majirani wenye picha nzuri, si wenye picha mbaya.

Tuliuliza pua ni ipi. Hili lilitushangaza, maana hata fundi hakulijua. Antena yetu ilibuniwa na Wajapani wawili, Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, mwaka 1926, nayo haipokei sawa pande zote. Kijiti kirefu zaidi, au wavu, ndiyo mgongo, nacho hurudisha mawimbi mbele kama kioo. Vile vijiti vifupi vilivyopangwa kwenye mkono ndiyo pua, navyo huyaongoza mawimbi yaingie. Ukiigeuza, antena ya bei kubwa inakuwa kama mtu aliyekupa kisogo. Urefu wa vijiti nao una maana. Mawimbi ya dijitali huku kwetu yana urefu wa kati ya sentimita 43 na 64, na kijiti hunasa vizuri kikiwa karibu nusu ya hapo, yaani shubiri moja hadi moja na nusu. Zile antena kuukuu zenye mikono ya mita moja na zaidi zilikuwa za mawimbi marefu ya zamani.

Tulitaka kuanza papo hapo. Tulikuwa na bomba la chuma la mita nne, tukaliinua sisi wenyewe mbele ya ploti. Mzee alipiga kelele ambayo hatujawahi kumsikia akipiga. Nyaya za umeme zilipita juu ya lango letu, nasi hatukuwa tumeinua macho. Bomba lile lingeyumba kidogo tu lingezigusa, na sisi wawili tulikuwa tumelishika kwa mikono mitupu, mtoto mmoja amekishika kitako chake. Tulilishusha polepole. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Mama mwenzetu mmoja aliingia ndani, akakaa kitandani, mikono ikimtetemeka.

Tangu hapo mlingoti uko nyuma ya nyumba, mbali na nyaya hizo kuliko urefu wa bomba lenyewe, ili hata likianguka lote lisifike. Mzee alitufundisha pia kwamba mlingoti ukianza kuwaangukia, mwachilie uende. Antena ni chuma tu. Na hapandi mtu paa likiwa na maji, wala mtoto hapandi kabisa.

Jumamosi iliyofuata mambo yalikwenda vizuri zaidi. Antena iliinuliwa mita moja na nusu juu ya mabati, kwa sababu mabati huzuia mawimbi na kuyarudisha ovyo. Kisha mzee akakagua waya. Fundi alikuwa ameunga waya mwembamba katikati kwa kuusokota na kuufunga gundi ya plastiki. Alipoufungua, maji yalidondoka. Tulinunua waya mmoja mnene usio na kiungo kutoka antena hadi king'amuzi, ule wa om 75, mita 12 tu, maana kila mita ya waya hula sehemu ya mawimbi. Kabla ya kuingia dirishani waya uliachwa uning'inie kama kitanzi, ili maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate waya hadi ndani.

Ile busta aliing'oa. Tulihuzunika, kwa kuwa tulikuwa tumeilipia. Alisema busta haichagui, hukuza mawimbi na hukuza makelele pia. Inafaa penye antena nzuri na waya mrefu, nayo hufungwa kule juu karibu na antena, si nyuma ya televisheni kama tulivyokuwa tumefanya.

Kazi ya kutafuta upande ilikuwa yetu. Katika orodha ya king'amuzi kuna ukurasa unaoonyesha mistari miwili, mmoja wa nguvu na mmoja wa ubora. Sisi sote tuliutazama ule wa nguvu. Mzee akasema tuutazame ule wa ubora, kwani nguvu bila ubora ni kelele. Mmoja alikuwa juu, mmoja mlangoni, mmoja mbele ya kioo, na neno lilipitishwa kama ndoo za maji. Aliyeko juu aligeuza kidogo, upana wa kidole, kisha akangoja sekunde kadhaa, kwa sababu king'amuzi huchelewa kukubali. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanazungusha haraka kama zamani na kupita mahali penyewe. Tulijaribu vijiti vikiwa vimelala, kisha vikiwa vimesimama, maana lazima vifuate namna ya mlingoti unaotuma. Tulipopata, tukakiamuru king'amuzi kitafute stesheni upya. Kisipotafuta upya, kinabaki na orodha yake ya kale.

Mstari wa ubora ulipanda na kukaa. Tulipiga vigelegele hadi mwenye nyumba akatoka kuuliza kama kuna harusi.

Bado kuna stesheni moja inayoganda mvua inaponyesha, nasi tumeizoea. Wingu likianza kuwa jeusi tunachomoa waya wa antena na wa umeme mapema, kabla ya ngurumo ya kwanza. Watoto hukaa ndani jioni, ingawa sasa tuna ugomvi mpya juu ya saa ya kuzima, na katika ploti yetu ni saa mbili kamili kwa nyumba zote tatu, ili asiwepo wa kumkimbilia mwenziwe.

Jambo la mwisho tulilofanya siku ile halikutoka kwa mzee. Tulichukua rangi nyekundu ya kucha tukachora alama, nusu kwenye mlingoti, nusu kwenye kibanio cha antena, mahali zilipokutana. Upepo wa Agosti uliigeuza antena usiku mmoja, picha ikaanza kuvunjika tena. Asubuhi yule mvulana wa miaka minane alisimama uani, mkono juu ya macho kuzuia jua, akatuita: "Mama, alama zimeachana!"