Msonobari wa Bonsai Haufupishwi kwa Kiu

Swali ni lile lile, na limenichosha: msonobari wangu wa bonsai niunyime maji kwa muda gani ili sindano zake zifupike? Mwingine anauliza hivyo kuhusu mbolea. Mwingine anataka kujua chungu kiwe kidogo kiasi gani ili mti udumae. Jibu langu kwa wote ni moja: usiunyime chochote. Bonsai si mti uliodumazwa kwa njaa, na anayeanza na imani hiyo atautesa mti miaka miwili mitatu, kisha autupe akidhani kwamba hana mkono wa mimea.

Katika Makumbusho ya Taifa ya Bonsai mjini Washington kuna msonobari mweupe wa Kijapani ambao malezi yake yanahesabiwa tangu mwaka 1625. Uliishi kwa familia ya Yamaki huko Hiroshima, vizazi kwa vizazi. Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki lilipolipuka, ulikuwa kwenye kitalu chao, kilomita tatu hivi kutoka mahali pa mlipuko, ukasalimika nyuma ya ukuta. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Marekani. Nani atathubutu kuniambia kwamba mti huo umefika miaka 400 hivi kwa kunyimwa? Mti wenye njaa hauna akiba. Baridi kali moja au wadudu wa msimu mmoja wanaumaliza.

Kinachowapotosha watu ni kwamba kuna chembe ya ukweli. Sindano zinazorefuka wakati udongo umekauka huishia kuwa fupi. Mwenye mti anaziona, anafurahi, na mwaka unaofuata anakausha zaidi. Haoni kinachoendelea ndani. Sindano ndilo jiko la mti. Humo ndimo sukari inayojenga mizizi, shina na machipukizi ya mwakani hutengenezwa. Chakula kikipungua, msonobari haugawi njaa kwa usawa. Unailinda ncha ya juu na kuyaacha matawi ya chini na ya ndani, ambayo tayari yanakosa jua. Na hapa msonobari hauna huruma ya mwarobaini. Mwarobaini ukikatwa hadi kisiki huchipua upya, lakini tawi la msonobari likishapoteza sindano zote, kwa kawaida ndiyo basi. Baada ya miaka mitatu ya kiu mtu anabaki na vijiti virefu vyenye kishungi cha kijani nchani, na hakuna fundi atakayevirudisha nyuma.

Hata shina halinenepi kwa njaa. Nenda Kinashi na Kokubunji, katika jiji la Takamatsu mkoani Kagawa, ambako Wajapani wamekuza misonobari ya bonsai kwa vizazi. Miti michanga imepandwa shambani kwenye udongo wazi, kwa safu, inalishwa na kumwagiliwa. Mkulima huacha tawi moja likimbie litakavyo, hata lizidi urefu wake mwenyewe, kwa sababu majani ya tawi hilo ndiyo yananenepesha shina la chini. Unene ukitosha, analikata. Chungu kidogo huja mwishoni, kazi kubwa ikiwa imeshafanyika.

Basi sindano hufupishwaje? Kwa kuchezea muda, na kwenye mti ulioshiba. Angalia msonobari mweusi wa Kijapani mwezi Aprili: jicho jeupe lililolala nchani mwa tawi limerefuka, limesimama wima, na sindano changa zinaanza kuchungulia ubavuni mwake. Waleaji wa bonsai huliita mshumaa. Tangu Machi mti umekuwa ukilishwa sana, kwa keki za mbegu za rapa au mbolea nyingine, ndiyo, kulishwa. Kati ya katikati ya Juni na katikati ya Julai, kulingana na joto la mahali, mkasi unaukata mshumaa wote kwenye shina lake, na kuacha kishina kifupi cha milimita chache. Tone la utomvu linatoka, linaganda. Wiki chache baadaye, kuzunguka kishina hicho, yanatokeza macho mapya mawili, matatu, wakati mwingine matano. Sindano zake zimechelewa kuanza. Oktoba baridi inaingia na kuzisimamisha kabla hazijafika mbali. Ufupi wote umetokana na kalenda. Mti haukukosa maji hata mara moja.

Baada ya ukataji huo mti hunywa kidogo, kwa sababu majani ya kupumulia maji yamepungua, hivyo mleaji hupunguza kumwagilia asiozeshe mizizi. Nadhani mtu aliona hilo, akaenda kusimulia kwamba Wajapani huikausha misonobari yao.

Utaratibu wa kukata una maana yake. Kilele cha msonobari kina nguvu kuliko matawi ya chini, kwa hiyo mishumaa dhaifu ya chini hukatwa kwanza, ya kati baada ya siku kama 10, ya kileleni mwisho kabisa. Wenye nguvu wanachelewa kuanza, wanyonge wanapata nafasi ya kuwafikia. Mshumaa ulio hoi haukatwi kabisa.

Tafadhali, kabla ya kushika mkasi hesabu sindano kwenye kila kifungu. Zikiwa tano, una msonobari mweupe au ndugu yake, na huo hutoa machipukizi mara moja tu kwa mwaka. Ukiukata mishumaa yote mwezi wa Juni umeupokonya chakula cha mwaka mzima. Punguza tu sehemu ya mishumaa mirefu, wakati wa kuchipua, basi. Zikiwa mbili bado usikimbilie: msonobari wa Skoti nao una sindano mbili mbili na huchipua mara moja.

Mengine nayataja haraka. Chagua matawi na uyafunge waya kati ya Novemba na Februari, mti ukiwa umelala. Waya wa shaba kwa mikunjo mizito, aluminiamu kwa mepesi, ukizungushwa kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, na uukague mara kwa mara kiangazi usije ukazama kwenye gome. Kuanzia Novemba ng'oa sindano za zamani, bakiza macho mawili kwa kila ncha, na uache sindano chache kileleni kuliko chini: jozi 5 hivi juu, 10 hivi chini. Badili udongo kila baada ya miaka 3 hadi 5, mwanzoni mwa kuchipua, nusu ya mizizi safari hii na nusu nyingine safari ijayo. Usiuoshe mzizi ukabaki mtupu, maana kuvu weupe walioushika wanausaidia kunywa. Mwaka wa kubadili udongo hakuna kukata mishumaa. Mti ukionekana mnyonge, mwaka huo ni wa kuulisha na kuuweka juani, mkasi na waya vikae kabatini.

Kwetu Afrika Mashariki hakuna msonobari wa asili. Ile ya Sao Hill wilayani Mufindi, na mingi ya nyanda za juu za Kenya, ni Pinus patula kutoka Meksiko, yenye sindano zinazoning'inia, sentimita 20 hivi. Ni mti wa mbao. Na msonobari mweusi unahitaji baridi ya kuulaza, ambayo Dar es Salaam na Mombasa hazina. Mkazi wa pwani achukue mkwaju, ambao majani yake ni madogo kwa asili na huchipua hata kwenye shina lililokatwa. Wa nyanda za juu achukue mzeituni mwitu. Na zile pakiti zinazouzwa mtandaoni kwa jina la mbegu za bonsai msizinunue. Ndani mna mbegu za miti ya kawaida, kwa sababu mbegu ya bonsai haipo.