Kabla ya Kuomba Baiskeli ya Gia, Pandisha Kiti

Katika vikao vya kamati za sharika suala la usafiri halikosi kwenye ajenda, na kila baiskeli zinapotajwa huzuka maombi ya aina mbili. Wapo wanaoomba baiskeli za kawaida ziongezwe. Wapo pia wanaosema za kawaida zimewachosha watumishi, hivyo ofisi ya miradi itafute wafadhili wa kununua baiskeli za kisasa zenye gia nyingi, fremu nyepesi na springi. Hoja ya hawa wa pili si ya kupuuzwa. Mwinjilisti anayehudumia mitaa mitatu, au mama anayehudumia wagonjwa majumbani katika kaya zilizotawanyika, akichoka njiani basi jioni kuna mlango ambao haukupigwa hodi.

Lakini kabla ya kuandika andiko la mradi ni vyema tuulizane uchovu huo unatoka wapi. Kwa sehemu kubwa hautokani na bei ya baiskeli. Unatokana na kiti kilichoshushwa mno, tairi lisilo na upepo wa kutosha, mnyororo mkavu na mzigo uliofungwa vibaya. Makala hii inaeleza kwa nini, na inapendekeza mahali ambapo fedha ya mfadhili itafanya kazi kubwa zaidi.

Mashindano ni jambo jingine

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Waliotazama waliona baiskeli nyepesi ajabu. Kanuni za chama cha kimataifa cha mchezo huo, UCI, haziruhusu baiskeli ya mashindano kuwa chini ya kilo 6.8. Ni rahisi mtu kuhitimisha kwamba siri ya mwendo iko kwenye wepesi huo na bei yake.

Kwa wanaokwenda kasi ile, vifaa vina maana kweli. Mwaka 1996 Mwingereza Chris Boardman aliendesha kilomita 56.375 kwa saa moja katika ukumbi wa Manchester, mikono yake ikiwa imenyooshwa mbele kabisa juu ya usukani maalumu. Baadaye UCI iliamua kwamba rekodi hiyo iwekwe kwa baiskeli ya umbo la zamani, kama ile ya Mbelgiji Eddy Merckx mwaka 1972. Mwaka 2000 Boardman huyo huyo, katika ukumbi huo huo, alipata kilomita 49.441, akimzidi Merckx kwa meta 10 tu. Ni kweli alikuwa ameongezeka umri wa miaka minne, lakini sehemu kubwa ya zile kilomita karibu 7 ilichukuliwa na hewa, kwa kuwa mkao wake ulibadilika.

Kizuizi cha hewa huongezeka upesi kuliko mwendo. Ukienda kwa kasi mara mbili, hewa inakuzuia mara nne. Kwa hiyo anayekwenda kilomita 50 kwa saa anazuiwa na hewa mara 16 zaidi ya anayekwenda kilomita 12 na nusu. Watumishi wetu katika njia za changarawe wako kwenye hiyo 12, na wenye mizigo huwa chini yake. Mashaka yao ni mchanga, mashimo, milima na msuguano wa baiskeli yenyewe. Hayo hayaondolewi na vitu vinavyomsaidia bingwa.

Tufanye na hesabu ya uzito. Mwendeshaji ana kilo 65, baiskeli ya chuma kama Phoenix au Hero ina karibu kilo 20, mzigo kilo 15. Jumla ni kilo 100. Tukimnunulia baiskeli ya kilo 12, ambayo si ya bei ndogo hata kidogo, jumla inakuwa 92. Mlimani amepunguziwa asilimia 8. Akiacha nyumbani kilo 8 za mzigo usio wa lazima amepata nafuu ile ile bila kulipa kitu. Mara nyingi zipo, kwani keria nyingi hubeba vitu ambavyo mwenyewe haamini vitahitajika siku hiyo.

Kiti

Hapa naomba wajumbe wanivumilie, kwa maana hakuna rekebisho lenye faida kubwa kama hili, na linahitaji spana tu.

Angalia waendesha baiskeli kumi wakipita barabarani. Wengi wamekaa magoti yakiwa yamekunjwa sana, kama watu waliokaa kwenye kigoda. Sababu inaeleweka: mtu anataka akisimama nyayo zote mbili ziguse ardhi, hasa akiwa na mzigo. Lakini goti lililokunjwa hivyo halina nguvu. Misuli ya mbele ya paja hufanya kazi peke yake, makalio hayasaidii, na baada ya miezi kadhaa huanza maumivu mbele ya goti. Mhusika hudhani ni umri au ni baiskeli mbovu.

Kipimo ni rahisi. Mtumiaji akae juu ya kiti, mwenzake akiishikilia baiskeli isimame wima. Aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande. Kisha anapoendesha, akanyage kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, ile iliyo nyuma ya vidole, wala si kwa katikati ya unyayo. Akifanya hivyo goti litabaki limekunjwa kidogo tu pedali ikiwa chini, na hapo ndipo mguu hutoa nguvu vizuri. Nyonga zikiyumba huku na huku, au maumivu yakija nyuma ya goti, kiti kimepita kiasi, kishushwe kidogo.

Pana tahadhari moja. Bomba la kiti lisivutwe juu hadi libaki na kipande kifupi ndani ya fremu, kwa kuwa litavunjika au litapasua fremu. Mabomba mengine yana alama ya kikomo. Lisipotosha, fundi ataweka refu zaidi, nayo ni kazi ndogo.

Anayeogopa kuanguka kwa sababu miguu haifiki chini afundishwe kusimama: apunguze mwendo, atoke kwenye kiti kwa kusogea mbele, ashushe mguu mmoja huku mwingine ukiwa kwenye pedali. Wengi hulizoea kwa mazoezi ya mchana mmoja katika uwanja wa kanisa.

Kuna tatizo ambalo ufundi wa kuendesha hauwezi kulitatua, nalo ni baiskeli isiyolingana na mtu. Akina mama wanaohudumia wagonjwa wamekuwa wakipewa baiskeli za kiume za inchi 28 kwa sababu ndizo zilizokuwapo dukani. Mtu akisimama juu ya fremu nyayo zikiwa chini na bomba la juu linamgusa, baiskeli hiyo si yake, hata iwe imetolewa kwa moyo mwema kiasi gani. Fremu ya kike yenye kizuizi cha mnyororo, ili kitenge kisinaswe, ina faida kwake kuliko gia 21.

Kukanyaga

Anayepanda mlima kwa kusukuma pedali polepole kwa nguvu zote huchoka mapema kuliko anayekanyaga kwa wepesi na haraka kidogo. Mguu wa kulia ukishuka mara 15 katika sekunde 15, hiyo ni mizunguko 60 kwa dakika, nacho ni kiwango kizuri kwa safari zetu za tambarare. Wanamashindano hufika 90 na zaidi.

Mtu atauliza, baiskeli isiyo na gia itawezaje hivyo kwenye mwinuko? Hesabuni meno. Baiskeli yenye meno 44 mbele na 18 nyuma husogea karibu meta 5.4 kwa kila mzunguko wa pedali. Hiyo ni nzito kwa njia ya vilima. Fundi akiondoa friwili ya meno 18 na kuweka ya 22, baiskeli itasogea meta 4.4 kwa mzunguko, na mguu utahitaji nguvu pungufu kwa karibu asilimia 18. Pengine mnyororo utaongezwa vipande viwili. Kwenye tambarare mwendo utapungua kidogo, lakini mwenye mzigo hakuwa anakimbia. Na mlima ukiwa mkali sana, kushuka na kukokota si aibu.

Upepo na mafuta

Tairi laini hunyonya nguvu, tena huharibu tyubu: linapogonga jiwe tyubu hubanwa na ringi na kutoboka matundu mawili yaliyo sambamba. Mwenye baiskeli hulaumu miiba. Ubavuni mwa tairi kumeandikwa kiwango cha upepo; kifuatwe, na la nyuma lijazwe zaidi kwa sababu ndilo linalobeba mwili na keria. Katika mchanga mwingi ni sawa kupunguza kidogo, mradi pampu ipo ya kurudishia. Usharika wenye baiskeli sita na pampu ya kuazima kwa jirani umenunua nusu ya chombo.

Mnyororo ufutwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ukauke, utiwe tone la mafuta ya cherehani kwa kila kiungo, kisha nje ufutwe tena. Kuumwagia oili chafu ya gari ni kuokoa shilingi na kupoteza mnyororo. Oili ile hukamata vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta husaga chuma kama msasa. Kupima uchakavu tumieni rula ya shule ya inchi 12: kwenye mnyororo mpya, kutoka katikati ya pini moja hadi pini ya 24 baada yake ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa milimita 3 ubadilishwe, kabla haujala meno ya mbele na nyuma.

Mteremko

Watu huombea nguvu za kupanda, lakini mteremko ndio unaovunja mifupa. Breki ya mbele ndiyo yenye uwezo mkubwa wa kusimamisha, kwa kuwa uzito hukimbilia mbele baiskeli inapopunguza mwendo. Lakini ikikamatwa ghafla humrusha mtu. Zitumike zote mbili, mapema, kabla mwendo haujakolea, mwili ukisogezwa nyuma na viwiko vikiwa vimelegea. Kwenye matuta na mashimo mtu ainuke kidogo juu ya pedali zilizo sawa, magoti yakunjwe, ili gurudumu lipite bila kubeba pigo lote. Spoki nyingi zinazokatika zingepona kwa hilo tu.

Mvua ikinyesha ringi za chuma hupoteza sehemu kubwa sana ya uwezo wa breki. Mwendeshaji aguseguse breki kukausha ringi kabla ya kuhitaji kusimama, na ahesabu umbali mrefu zaidi. Mzigo ufungwe chini na kati, ukazwe kwa mipira ya tyubu kuukuu. Ndoo inayoning'inia kwenye usukani ni hatari.

Fedha iende wapi

Sijasema vifaa havina maana. Raba mpya za breki, tairi imara na ringi za alumini ni gharama zinazostahili, na raba zisisubiri bajeti ya mwaka. Gia nazo zina mahali pake: anayehudumia vijiji vya milima kama ya Usambara au Upare ana sababu ambayo wa tambarare za Shinyanga hana. Hata hivyo gia zina nyaya, springi ndogo na minyororo myembamba ambayo maduka mengi ya vijijini hayana, na fundi asiyezizoea huzifunga kwa waya ikabaki gia moja, tena mara nyingi ile isiyofaa. Baiskeli za bei nafuu zenye springi nyuma tungeziepuka kabisa; ni nzito, na nguvu ya mguu huishia kwenye springi.

Kwa wafadhili wetu ombi ni kwamba idadi ya baiskeli isiwe kipimo pekee cha mradi. Tunapendelea kupokea fedha za baiskeli chache zenye pampu, spana, viraka, gundi, raba za breki za akiba na siku mbili za mafunzo pamoja na fundi wa eneo husika, kuliko nyingi zinazokabidhiwa siku ya picha na baada ya mwaka kulala stoo kwa kukosa tyubu. Siku hizo mbili hazionekani vizuri kwenye ripoti, nazo ndizo za kwanza kukatwa bajeti ikibana.

Katika maombi yajayo, kamati ziandike urefu wa kila mtumiaji na kama ni mwanamke au mwanamume, hali ya njia, uzito wa mzigo wa kawaida, umbali wa kumfikia fundi, na nani atatunza pampu. Kwa baiskeli zilizopo, viti vipimwe kwanza kwa njia ya kisigino na watumiaji waendeshe hivyo kwa mwezi mmoja. Atakayeona bado anahitaji gia atuandikie ni mlima gani.